Beringi za 6308 kwa mashine za alizeti Dodoma: unalipia chuma, sio boksi

Wakuu habari za kazi. Hii rivyu naiandika kwa ajili ya wenzangu wenye mashine za kukamua alizeti na za kusaga, hapa Dodoma mjini, Kibaigwa, Singida na ukanda huu wote wa kati, maana kila msimu ukianza nasikia kilio kilekile kwamba beringi hazidumu na lawama zote anatupiwa fundi. Mimi nimefunga beringi za 6308, hiyo ni namba ya saizi, za aina mbili kwenye mashine mbili zinazofanana, zote kwenye shafti ya puli kubwa, kazi ileile na mbegu zilezile. Upande mmoja zile za bei chee zenye jina ambalo ukilitafuta huoni kiwanda chake kiko wapi, upande wa pili NSK ya Japani. Mwenye haraka achukue jibu hapahapa: NSK nyota tano, ile ya bei chee nyota moja, na hiyo moja nimeitoa kwa sababu vipimo vyake viko sawa, 40 ndani, 90 nje, upana 23, inaingia vizuri tu na inazunguka vizuri ukiishika mkononi. Na hapo ndo watu tunaponaswa, kwa sababu dukani beringi zote zinang'aa na zote zinazunguka, ila chuma chenyewe hukioni.

Ya bei chee ilianza kuvuma msimu ukiwa umekolea, yaani wakulima wamepanga magunia mpaka nje. Kwanza mvumo mdogo upande wa puli, baada ya hapo nyumba ya beringi ikawa na joto la kushindwa kuweka kiganja, mwisho mtikisiko mpaka mkanda unaruka. Tukasimamisha. Fundi wangu akaitoa na nikamwambia aikate tuone ndani, akakata ringi ya nje kwa grainda, tukafuta grisi kwa petroli. Kwenye njia ya gololi ya ringi ya ndani kulikuwa na sehemu imebanduka, upana wa milimita tatu hivi, kingo zake kali ukipitisha ukucha unakwama, na ndani ya hicho kishimo chuma ni cha kijivu kimefifia wakati pembeni yake kote kunang'aa. Gololi nazo mbili zina alama. Halafu akachukua tupa, akaipitisha kwenye ubavu wa ringi, mbali na alipokata maana grainda ikishaunguza chuma kinalainika na hapo huwezi kupima kitu. Tupa ikang'ata, ikaacha mistari mieupe. Akachukua NSK ya zamani tuliyokuwa tumeitoa kwenye mota, tupa ileile, ikateleza bila kuacha kitu. Akaniambia, "Ona kaka, hii inalika, hii nyingine inaikataa tupa kabisa."

Hicho kipimo cha tupa ni cha kienyeji ila kina maana yake. Chuma cha beringi kinatakiwa kiwe na ugumu wa kati ya 58 na 65 kwa kipimo cha Rockwell C, na tupa nzuri nayo iko humohumo kwenye 60 na kitu, kwa hiyo tupa ikikila chuma kirahisi namna ile ujue kiko chini ya kiwango. Ukishuka chini ya 58 maisha ya beringi yanaporomoka. Sababu ni kwamba gololi haigusi ringi kwa eneo kubwa, inagusa kidoa kidogo mno, mzigo wote wa shafti na mvuto wa mkanda unapita hapo. Kwenye viwango vya kimataifa mzigo wa juu kabisa wa beringi ya gololi ikiwa imesimama umewekwa pale ambapo mgandamizo katikati ya kidoa unafika megapaskali 4,200, hesabu yake ni zaidi ya kilo 400 kwenye kila milimita moja ya mraba! Na hapo kishimo kinachobaki kisizidi sehemu moja ya elfu kumi ya kipenyo cha gololi. Chuma laini hakiwezi kubeba hivyo, kinabonyea, gololi inaanza kupita kwenye mabonde, ndo huo mvumo.

Lakini ugumu peke yake nao hautoshi jamani, tusije tukaanza kutembea na tupa mfukoni tukadhani tumemaliza. Kioo nacho ni kigumu. Chuma kikiwa kigumu bila kuwa na uvumilivu, siku fundi anaingiza ringi ya ndani kwenye shafti iliyobana inapasuka mstari mmoja kutoka ubavu huu hadi ule. Kwa hiyo kinachotafutwa ni chuma kigumu kisichopasuka, kisicholika kwa msuguano, kinachovumilia kubonyezwa mamilioni ya mara, na kisichobadilika vipimo kikipata joto. Vyote kwa pamoja kwenye kipande kimoja cha ringi. Waliokipata walikipata mwanzoni mwa karne ya 20 na mpaka leo ndo kinachotumika kwenye beringi nyingi duniani, chuma chenye kaboni karibu asilimia 1 na kromiamu karibu asilimia 1.5. Wajerumani wanakiita 100Cr6, Wamarekani 52100, Wajapani SUJ2, Wachina GCr15, Waingereza EN31, lakini kwa mchanganyiko ni kitu kilekile kwa tofauti ndogondogo. Kaboni ndo inaleta ugumu, kromiamu inasaidia ugumu uingie mpaka ndani badala ya kuishia kwenye ngozi, tena inatengeneza chembe ndogo ngumu ndani ya chuma zinazozuia kulika.

Sasa mtu atauliza, kama mchanganyiko ni mmoja mbona zinatofautiana hivi? Hapa ndo penye kiini, na ndo sababu ya mimi kuandika mambo marefu hivi.

Cha kwanza ni usafi wa chuma. Sio usafi wa kufuta na kitambaa, ni usafi wa ndani tangu kinayeyushwa. Chuma kikiwa kimiminika kinabeba oksijeni, na hiyo oksijeni ikikutana na alumini inayotumika kukisafisha inaacha vipunje vya oksaidi, vigumu, vidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Ni mchele wenye changarawe, unaonekana mweupe na umepikwa vizuri mpaka siku jino likutane nayo. Kile kipunje kikikaa chini kidogo ya njia ya gololi, sehemu za milimita tu, kinakaa palepale ambapo mkazo ni mkubwa zaidi, kwa sababu kwenye mguso wa gololi na ringi sehemu inayoumia sana haiko juu kwenye uso, iko chini yake kidogo. Gololi inapita, chuma kinajinyonga kukizunguka kipunje, inapita tena, na tena. Ufa mdogo unaanzia pale, unatambaa chini kwa chini, ukipanda juu kipande kinabanduka. Kile kishimo cha milimita tatu nilichokieleza juu kina sura hiyohiyo, kingo kali, ndani kijivu, kimeanzia chini. Yaani siku unasikia mvumo, ufa ulishaanza zamani.

Ndo maana kiwango cha kimataifa cha chuma cha beringi kinataka oksijeni isizidi sehemu 15 kwenye milioni, na viwanda vikubwa vinashuka chini ya 10. Wanakiweka chuma kilichoyeyuka kwenye ombwe, yaani chombo kilichonyonywa hewa yote, mpaka gesi zinatoka. Hiyo kazi ilianza kufanyika kwa wingi karne iliyopita na ndo iliyofanya beringi za sasa zidumu kuliko za zamani wakati mchanganyiko wa chuma ni uleule. NSK wana chuma wanachokiita Z ambacho ni hicho cha oksijeni kidogo. Kiwanda kinachotaka kuuza bei chee kinakata gharama hapo kwanza, kwa sababu mteja wa Majengo au Sabasaba hapa mjini hana namna ya kuijua.

Na tuongee kidogo hesabu ya maisha ya beringi, maana inasaidia hata kwenye ufungaji. Wasweden wawili, Gustaf Lundberg na Arvid Palmgren, mwaka 1947 walitoa njia ya kukadiria na ndo inatumika kwenye katalogi zote mpaka leo. Kila beringi ina namba ya mzigo, 6308 ni kilonyutoni 40 na kidogo, tuseme tani 4. Ukiibebesha mzigo huo wote inatarajiwa ifike mizunguko milioni 1, na maana yake ni kwamba kati ya beringi 100 za namna hiyo 90 zitafika au kupita. Ukipunguza mzigo nusu maisha yanaongezeka mara nane. Shafti ikizunguka 500 kwa dakika na beringi imebeba kilo 400 hivi, inatoka zaidi ya masaa 33,000, ukifanya kazi masaa 10 kwa siku ni miaka tisa. Fundi akiukaza mkanda mpaka mzigo ukawa kilo 800 unabakiwa na masaa kama 4,100, yaani mwaka na mwezi na nusu hivi. Kukaza mkanda tu! Kwa hiyo kabla hujanuna kwa muuzaji angalia kwanza mkanda wako unashuka kiasi gani ukiubonyeza. Ila hesabu yote hii inadai chuma kiwe kisafi na kigumu kinavyotakiwa, grisi iwepo na vumbi lisiwepo. Chuma kikiwa na uchafu ndani ile namba ya tani 4 haipo tena, hata kama nje imeandikwa 6308.

Cha pili ni moto. Ringi ikishachongwa inapashwa kwenye nyuzi kama 850, inazamishwa ghafla kwenye mafuta, halafu inapashwa tena taratibu kwenye nyuzi 150 mpaka 180 ili isiwe chuma cha kupasuka. Hiyo hatua ya mwisho ikifanywa haraka haraka, ndani ya chuma kunabaki sehemu ambayo haijatulia, na kadiri siku zinavyokwenda na joto la kazi linavyopanda inageuka na ringi inakua. Inakua kidogo sana, ila nafasi kati ya gololi na ringi nayo ni ya mikroni tu, yaani sehemu za elfu za milimita, ringi ya ndani ikikua inaachia shafti na kuanza kuzunguka peke yake, shafti inalika, na hapo umeingia gharama ya kukereza shafti ambayo ni kubwa kuliko beringi kumi. Kuna wenzangu wameshapita hapo wanajua maumivu yake.

Na mafundi wetu, nawaombeni sana, tuacheni kupasha beringi kwa moto wa gesi ya kuchomelea. Nimeshaona beringi orijino kabisa, ya hela nyingi, inapigwa moto mpaka ringi inakuwa ya bluu ndo inaingizwa kwenye shafti. Ule ubluu maana yake chuma kimefika nyuzi karibu 300, ugumu umeshuka, ile kazi yote ya kiwanda imefutwa kwa dakika mbili. Beringi za kawaida zimetengenezwa zitulie mpaka nyuzi 120 hivi. Weka kwenye sufuria la oili safi, pasha kama nyuzi 80 mpaka 100, isikae chini ya sufuria iguswe na moto, itaingia yenyewe bila nyundo. Hii ni kwa zile zilizo wazi, zenye sili (mpira wa kuziba pembeni) na grisi yake usizamishe. Na ukilazimika kupiga, tumia bomba linalokaa kwenye ringi ya ndani peke yake, ukipiga ringi ya nje nguvu inapita kwenye gololi na zinaacha vidonda kwenye njia hata kabla hujawasha mashine.

Vumbi sasa. Sisi wa Dodoma hili hatuwezi kulikwepa, upepo wa mwezi wa saba mpaka wa tisa kila mtu anaujua. Mchanga wetu una madini ya kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha beringi cha aina yoyote, hata kile bora kuliko vyote. Kwa hiyo punje moja ikiingia, gololi inaikandamiza kwenye njia na inaacha kidonda, na pembeni ya kidonda mkazo unapanda na ufa unaanzia juu sasa badala ya chini. Hakuna chuma kitakachokuokoa hapo, ni sili tu. Usinunue yenye vifuniko vya bati, zile ZZ, kwa mashine ya alizeti au ya kusaga. Chukua yenye sili za mpira pande zote mbili. Kwenye NSK inaandikwa DDU, SKF wanaandika 2RS1, NTN wanaandika LLU, wauzaji wengi wanasema tu tuaresi (2RS) watakuelewa. Na omba C3, hiyo ina nafasi kubwa kidogo ndani, inasaidia shafti ikipata joto na kutanuka. Kwenye mashine yangu ya NSK mimi nimefunga 6308 DDU C3 na msimu umeisha iko kimya, nikiweka mkono kwenye nyumba yake ni uvuguvugu tu.

Kwa wenye tela za trekta na magari ya mzigo hii habari inabadilika kidogo, pale gurudumu linaingia kwenye shimo beringi inapigwa kofi kila dakika. Zile beringi za roli zenye umbo la koni, ambazo Henry Timken alizipatia hataza Marekani mwaka 1898, nyingi zinatengenezwa kwa chuma chenye kaboni kidogo tu, asilimia 0.2 hivi, halafu kinapashwa kwenye hewa yenye kaboni mpaka ngozi inakuwa ngumu na moyo unabaki laini kiasi. Ngozi inakataa kulika, moyo unakunywa kishindo. Kwa hiyo fundi akikuambia roli ya koni imepasuka katikati, huenda huo moyo haukuwepo. Wa pampu za visima na sehemu zenye maji kuna za stenlesi, 440C, kromiamu yake kama asilimia 17, haishiki kutu haraka ila inabeba mzigo mdogo kidogo, usiipeleke kwenye mashine ya kukamua kwa kuwa tu inang'aa zaidi.

Kuhusu kununua. Bei ya NSK niliyolipa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile nyingine, na muuzaji mmoja aliniambia "bosi zote ni zilezile, hiyo unalipia jina." Hapana. Sikubaliani naye hata kidogo. Ila pia tusiwaonee Wachina, GCr15 ikitengenezwa na kiwanda makini ni chuma kizuri tu na viwanda vikubwa vya Ulaya na Japani vyenyewe vina matawi China. Tatizo ni mzigo usio na mwenyewe, na tatizo kubwa zaidi ni feki yenye jina kubwa, maana hapo umelipa bei ya orijino na umepata chuma cha kulika kwa tupa. Sumaku haikusaidii, inashika zote. Kung'aa hakukusaidii. Maandishi kwenye ringi yaangalie, ya kiwandani yanakuwa mazuri, yamekaa sawa, namba ya kwenye ringi ifanane na ya kwenye boksi, lakini wanaofoji nao wamejifunza. SKF wana programu ya simu inaitwa SKF Authenticate, unapiga picha za boksi na beringi unawatumia wanakujibu, na Schaeffler wenye FAG wana OriginCheck ya kusoma ule msimbo wa kwenye boksi. Muuzaji akikataa upige picha kabla hujalipa, ondoka. Akikataa kuandika jina la beringi kamili kwenye risiti na herufi zake zote, ondoka pia. Na epuka zile zilizooshwa, beringi kuukuu zinang'arishwa na kutiwa grisi mpya, ukizungusha taratibu karibu na sikio utasikia mikwaruzo, na ukitazama ringi ya ndani kwenye tundu la shafti utaona mikwaruzo ya kufungwa na kufunguliwa.

Lawama yangu kwa NSK ni upatikanaji. Hapa mjini 6308 ya ZZ inapatikana kirahisi, DDU ukiitaka unaambiwa subiri iagizwe Dar, Gerezani au Kariakoo, na ikiwa mashine imesimama na mkulima ana magunia yake mlangoni hawezi kukusubiri, atapakia apeleke kwa jirani. Kwa hiyo mimi nimenunua za akiba mapema kabla alizeti haijaanza kuvunwa, nimeziacha kwenye boksi zake na karatasi yake ya mafuta bila kufungua, nimezilaza ubavu kwenye rafu mbali na mbegu na unyevu. Ukiwa na mashine kama yangu agiza kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, taja namba yote, 6308 DDU C3, na ukiletewa ZZ usikubali kufungiwa hiyo eti ya kuvukia tu.